Komposti ya jiji: itengwe mlangoni, ao isiingie shambani



Kila juma magari yanatoka kwa vijiji vya barabara ya Kasenga, ya Likasi na ya Kipushi, yanaingia Lubumbashi yakiwa yamejaa mihogo, mahindi, matembele na kabichi. Jioni mengi yanarudi matupu. Chakula ambacho mimea ilikula katika udongo wenu kinabaki jijini: maganda ya mihogo, majani ya kabichi, maganda ya mahindi. Vyote vinatupwa katika mtaro pamoja na mifuko ya plastiki, na mvua ya Novemba inavisukuma mpaka mtoni. Wakati huo huo ninyi mnatafuta franga za kununua angre.

Ndiyo maana tunaulizwa mara kwa mara: komposti ya jiji inaweza kutusaidia? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa sharti moja: takataka zitengwe kwenye mlango wa nyumba, mbele ya kuchanganyika. Zikisha kuchanganyika, hakuna mkono wa mtu unaoweza kutoa kila kibaya. Na katika jiji la shaba kama Lubumbashi, sharti hilo linagusa afya ya watoto wetu.

Kulima jijini si jambo jipya

Tangu mwaka 2000, serikali yetu pamoja na FAO, kwa franga za Ubelgiji, walisaidia walimaji wa mboga wa Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Mwaka 2010 FAO ilitaja mavuno ya tani karibu 330 000 za mboga kwa mwaka katika miji hiyo mitano. Sababu yake inaeleweka. Lengalenga ikikaa siku moja ndani ya gari inanyauka. Ile iliyokatwa asubuhi karibu na soko inauzwa ikiwa bado mbichi. Tena lengalenga inavunwa kisha juma tatu ao nne tu, na mama anapata franga haraka.

Lakini kuvuna haraka hivyo kunachosha udongo haraka. Tuta linalotoa mboga mara nyingi kwa mwaka lazima lirudishiwe kitu. Hapo ndipo komposti ya mtaa inaingia: nyumba 10 ao 20 za avenyu moja zinaleta mabaki yao ya jikoni mahali pamoja, na bustani ya karibu inayatumia.

Udongo wa Lubumbashi una historia yake

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulishuka zaidi upande wa kaskazini-magharibi, juu upepo mwingi unatoka kusini-mashariki. Huko Penga Penga kuna sehemu ambazo majani na miti vilikufa, udongo ukabaki wazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima pia udongo wa bustani za mboga za jiji, wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadmiamu, na wamezikuta hata ndani ya mboga za majani.

Metali haiozi kama jani. Komposti haiwezi kuiondoa. Inachoweza ni kuishika: udongo wenye mboji nyingi, tena usio na ukali, unaachia mizizi metali kidogo zaidi. Hiyo ni faida ya kweli, lakini bado tuwe na hofu ya risasi. Inaharibu ubongo wa mtoto anayekua, na mtoto haipati kwa mboga tu. Anaipata pia kwa vumbi ya mikono anayotia mdomoni.

Adui ambaye wengi hawamuoni

Mkisikia "takataka mbaya", mnafikiri betri za tochi, vyupa na plastiki. Ni kweli, hizo zisiingie. Lakini kuna kitu kingine kinachopita bila kuonekana: vumbi ya kufagia uwanja. Asubuhi mama anafagia parsele, anakusanya vumbi na mchanga, anavimwaga katika ndoo moja na maganda ya jikoni. Ikiwa udongo wa mtaa huo una metali, basi metali imekwisha kuingia katika komposti. Kuichuja haisaidii, juu vumbi inapita katika kila kichujio.

Kwa hiyo kila nyumba iwe na ndoo mbili. Ya kwanza ni ya jikoni tu: maganda, majani ya mboga, matunda yaliyooza, maganda ya mayai. Ya pili ni ya vingine vyote: vumbi ya uwanja, plastiki, vyupa, betri, vitambaa. Ndoo ya kwanza peke yake ndiyo inayokuja kwenye komposti. Nyama na samaki visije, vinaita panya na mbwa. Mavi ya watu na ya mbwa vile vile hapana. Mavi ya kuku, ya mbuzi na ya sungura ni mazuri sana.

Majivu ya makala yanakubaliwa, gao moja ao mawili kwa kila tabaka. Yanapunguza ukali wa udongo. Mkizidisha, nguvu ya mbolea inatoka kwa harufu kali na kupotea hewani. Majivu ya mbao zenye rangi yatupwe mbali.

Namna ya kupanga lundo

Tuchukue mfano. Nyumba 20 zinaleta kila moja ndoo ya lita 10, mara mbili kwa juma. Hizo ni lita 400. Kwa kila ndoo ya vitu vibichi mnatia ndoo mbili za vitu vikavu: majani makavu ya miembe, nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa. Jumla ni lita 1 200 kwa juma. Kisha juma tatu mtakuwa na lundo la urefu wa mita 2, upana wa mita 1,5 na kimo cha mita 1,2. Hapo mnaanza lundo lingine.

1. Chagueni kivuli, mahali ambapo maji hayasimami. Ikiwa udongo wa hapo si wa kuamini, tandikeni matofali ao bashi nzito chini, ili kijiko cha mwisho kisichote udongo wa chini.
2. Wekeni matawi madogo kwanza, hewa ipite. Kisha tabaka kavu, tabaka bichi, tabaka kavu. Juu kabisa pawe daima pakavu, na inzi hawatakuja.
3. Kamateni mkono mmoja wa mchanganyiko na kuukamua. Yakitoka matone machache tu kati ya vidole, maji yanatosha. Yakitiririka, ongezeni vikavu.
4. Tieni fimbo katikati ya lundo. Kisha siku tatu ao nne ikitoka na moto ambao mkono hauvumilii, kazi inakwenda vizuri. Moto wa digrii 55 na zaidi, ukikaa siku kadhaa, unaua mbegu za majani mabaya na vijidudu vingi.
5. Geuzeni lundo kisha juma mbili ao tatu, ya nje iingie ndani. Rudieni mara mbili ao tatu.
6. Wakati wa mvua funikeni kwa majani ya ndizi ao bashi. Wakati wa kiangazi nyunyizieni maji.

Lundo likinuka vibaya, lina maji mengi ao limekosa hewa: geuzeni, ongezeni vikavu. Lisipopata moto, ni kavu sana, ni dogo sana ao limekosa vibichi.

Kisha miezi mitatu ao minne komposti iko tayari: imepoa, ni nyeusi, inanuka kama udongo wa pori. Hakikisheni kwa kupanda lengalenga katika kopo, nusu komposti, nusu udongo. Miche ikiwa ya manjano ao ikifa, ngojeni bado.

Lundo hilo la nyumba 20 litashuka mpaka nusu ao chini yake. Mtapata karibu kilo 750. Tuta la mita 1 kwa mita 10 linahitaji kilo 25 hivi, kwa hiyo mtatosheleza matuta 30.

Mbele ya kupakia gari

Sasa tuseme mtaa umewaletea habari: kuna komposti ya kuuza. Ulizeni maswali matatu. Takataka zilitengwa wapi, nyumbani ao kwenye jalala? Lundo lilikaa juu ya udongo gani? Na vumbi ya uwanja iliingia? Kisha chukueni ndoo moja, imwageni juu ya saki, itafuteni kwa vidole. Mkikuta vipande vya chupa na plastiki, hayakutengwa mlangoni, na vumbi imo vile vile. Muache.

Mhesabu pia safari. Tani moja ya komposti ina azoti kama kilo 5 mpaka 10. Saki moja ya urea ya kilo 50 ina kilo 23. Faida ya komposti ni mboji inayoshika maji na kulainisha udongo, wala haifai kulipiwa safari ndefu. Kwa vijiji vya karibu, gari linalorudi tupu linaweza kuileta. Kwa vya mbali, tengenezeni yenu hapo hapo, na mtoe majani ya nje ya kabichi na maganda ya mahindi mbele ya kupakia. Hivyo mbolea inabaki shambani, na jiji linapata takataka kidogo.

Kwa wenye bustani ndani ya jiji tunaongeza mambo matatu. Karibu na viwanda, mboga za majani ndizo zinazobeba metali zaidi. Nyanya, bamia, maharage na mahindi hubeba kidogo. Mboga zote zioshwe mara kadhaa kwa maji safi. Na pale udongo ni mbaya, limeni ndani ya masaki yaliyojazwa udongo mzuri kutoka mbali, uliochanganywa na komposti safi.

Jambo la mwisho ni karatasi. Komposti inafanya kazi kwa zaidi ya msimu mmoja, lakini parsele za jiji zinauzwa haraka. Mama ameongeza nguvu ya udongo mwaka mzima, kisha mwenye kiwanja anakuja na matofali. Mbele ya kumwaga saki ya kwanza, andikeni mapatano ya misimu miwili angalau, mbele ya shefu wa karti. Na wekeni daftari: nani alileta ndoo ngapi, nani aligeuza lundo, nani alipokea masaki mangapi. Lundo likikosa daftari, ugomvi unaanza siku ya kugawa.

Katika mkutano wenu ujao, chagueni watu wawili waanze na lundo moja tu. Likifaulu, la pili litawaita majirani lenyewe.