Reli ya Ubundu: treni isipopita, nani analipa?

Reli hii ilijengwa juu ya maporomoko. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unaanguka mara saba, boti haipiti. Ndiyo maana mwaka 1906, wakati wa wakoloni, njia ya kilomita 125 ilifunguliwa: mizigo inashushwa botini Ubundu, inapanda treni mpaka ng'ambo ya kushoto, Lubunga, halafu inachukua boti tena kwenda Kinshasa.

Baadaye SNCC iliirithi. Mashine zilizeeka, njia haikutengenezwa vizuri, kisha vita vya 1996 na 1998 vikaikata. Toka hapo treni ni ya kubahatisha tu.

Sasa mkulima anasukuma mchele na mawese kwa kinga, siku nyingi porini. Yeye anauza chee, sisi mjini tunanunua ghali.