Kiganja Mbele ya Skana

Katika kiganja cha binadamu kuna michoro ya namna tatu, na habari nyingi zinazoenea kuhusu mashine za kusoma viganja huwakanganya watu kwa sababu hazitenganishi michoro hiyo. Wa kwanza ni mikunjo mikubwa inayoonekana waziwazi, ambayo watabiri wa India, Uchina na Ulaya waliigawia majina kama mstari wa uhai, wa moyo na wa kichwa. Wa pili ni matuta membamba ya ngozi, ya jinsi moja na yale yanayoacha alama za vidole. Na wa tatu, ambao jicho haliuoni sawasawa, ni mtandao wa mishipa ya damu uliojificha chini ya ngozi.

Mikunjo mikubwa hutokea mtoto akiwa bado tumboni, katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, na kazi yake ni kuiwezesha ngozi kujikunja vizuri mkono unapofumbwa. Siku hizi zipo programu za simu zinazopiga picha ya kiganja, zikatafuta mahali ambapo mwanga hukutana na kivuli, zikachora mistari na kupima urefu na mpindo wake, kazi ambayo kompyuta huimudu bila taabu. Hata hivyo, maelezo yanayofuata juu ya ndoa, mali na umri hutoka katika mapokeo yaleyale ya watabiri, kwa hiyo usahihi wa kamera hauuongezei utabiri chembe ya ukweli, maana hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba mwenye mstari mrefu wa uhai huishi miaka mingi zaidi. Mpiga ramli aliyeketi kwenye mkeka wake angalau humtazama mteja usoni, akamsikiliza na kuikisia shida iliyomleta. Programu haina hata hilo.

Yapo machache ambayo tabibu huyasoma katika mikunjo hiyo. Mkunjo mmoja unaokatiza kiganja chote, badala ya miwili ya kawaida, huonekana kwa takriban mtu mmoja kati ya watu 30, wengi wao wakiwa na afya njema kabisa, lakini huonekana pia kwa karibu nusu ya watu waliozaliwa na hali ya Down, ambayo husababishwa na kromosomu ya 21 kuzidi kwa moja. Kwa hiyo mkunjo huo humfanya daktari aangalie zaidi tu. Anayethibitisha ni mtaalamu wa maabara anayechunguza kromosomu zenyewe.

Matuta ya ngozi yalianza kutumiwa kumtambulisha mtu kabla ya kompyuta kuwapo. Mwaka 1858, William Herschel, ofisa wa serikali ya Kiingereza huko Bengal, alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai aweke alama ya kiganja chake kizima chenye wino nyuma ya mkataba wa vifaa vya ujenzi wa barabara, kwa nia ya kumtia hofu asije akaikana saini yake. Baadaye vidole vilichukua nafasi ya kiganja, ingawa polisi hawakukisahau kabisa, kwa kuwa mhalifu anayeegemea dirisha au kushika mpini wa kisu mara nyingi huacha alama ya kiganja, na mwaka 2013 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilianzisha hifadhi ya taifa ya alama hizo.

Lakini skana zinazozungumziwa zaidi leo husoma mchoro wa tatu. Mashine humulika kiganja kwa miale ya infraredi ya karibu, yaani mwanga ambao mawimbi yake ni marefu kidogo kuliko yale ya mwanga mwekundu, hivi kwamba macho hayauoni ijapokuwa unaweza kupenya ngozi kwa milimita chache. Hemoglobini, ambayo ndiyo kemikali ya damu inayobeba oksijeni, huufyonza mwanga huo, hasa ikiwa imekwisha kuitua oksijeni yake, na kwa kuwa damu ya namna hiyo hupita katika vena, yaani mishipa inayoirudisha damu kwenye moyo, vena hizo hutokea katika picha kama mito myeusi juu ya ardhi nyeupe. Kisha programu hubadilisha mpangilio wa matawi yake kuwa tarakimu, na ni tarakimu hizo zinazolinganishwa mtu anaporudi siku nyingine. Mpangilio huo hutofautiana hata kati ya mapacha wanaofanana, na kati ya mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja.

Faida ya kusoma vena inaeleweka upesi Afrika Mashariki. Tanzania ilipoanza mwaka 2019 kusajili laini za simu kwa alama za vidole, ilidhihirika tena jambo ambalo wakulima, mafundi ujenzi na wazee wanalijua, kwamba vidole vilivyosuguliwa na jembe, saruji au miaka mingi ya kazi huweza kukataliwa na mashine. Vena haziguswi na jembe. Aidha, kiganja huinuliwa tu mbele ya skana pasipo kugusa kitu, jambo lililoipa teknolojia hii mvuto zaidi tangu janga la korona. Kampuni ya Amazon iliizindua huduma yake ya malipo kwa kiganja mjini Seattle mwaka 2020, na Tencent ya Uchina ikafuata mwaka 2023 kwa abiria wa treni ya uwanja wa ndege wa Daxing, Beijing.

Kwamba mchoro umefichika ndani ya mwili hakumaanishi kwamba hauibiki. Mwishoni mwa mwaka 2018, katika mkutano wa wadukuzi mjini Leipzig, Ujerumani, watafiti Jan Krissler na Julian Albrecht walionyesha mkono wa nta uliotiwa picha ya vena, waliyoipiga kwa kamera iliyoondolewa kichujio cha infraredi, na mkono huo ukaidanganya skana. Nywila ikivuja hubadilishwa, ilhali vena hazibadilishwi. Ndiyo maana sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022 zinaziweka taarifa za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili vinavyomtambulisha mtu, katika kundi la taarifa nyeti.

Swali zito zaidi ni mahali zinapowekwa tarakimu za kiganja. Benki za Japani, zilizoanza kutumia skana hizi mwaka 2004, zilitofautiana: nyingine ziliziandika katika kadi ya mteja mwenyewe, ili mwizi apate taarifa za mtu mmoja tu, na nyingine zikazihifadhi katika kompyuta kuu ya benki, ambako wizi mmoja ungewagusa wateja wote. Utaratibu wa kadi unaonekana kuwa salama zaidi, lakini tsunami ya Machi 2011 ilichukua nyumba pamoja na kadi na vitabu vya benki vilivyokuwamo, na mwaka uliofuata Benki ya Ogaki Kyoritsu, iliyoko katika mkoa wa Gifu, ikaweka mashine za ATM ambazo mteja hutoa fedha kwa kiganja, tarehe ya kuzaliwa na namba ya siri, bila kuwa na kadi yoyote.