Kwa nini mtu mwenye usonji hakuangalii machoni?

"Niangalie ninapoongea na wewe!" Mtoto mwenye usonji huisikia sana amri hii, nyumbani na darasani. (Tena kwetu, ambako mtoto kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu!) Wengi wetu tunadhani anadharau, au hana haja na watu. Ukiingia ndani ya ubongo, mambo si mepesi hivyo.

Mwaka 2000, Robert Schultz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha watu wenye usonji picha za sura wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Eneo la fusifomu, lililo upande wa chini wa ubongo na linalotusaidia kutambua sura, lilichangamka kidogo kuliko kwa watu wengine. Ni rahisi kuhitimisha: basi, hapo ndipo penye hitilafu.

Subiri kwanza. Je, walikuwa wanatazama wapi? Mwaka 2005, Kim Dalton na timu yake huko Wisconsin, Marekani, walipima ubongo huku wakifuatilia mwendo wa macho. Kumbe wenye usonji waliyatazama macho ya kwenye picha kwa muda mfupi zaidi. Na kadiri mmoja wao alivyoyatazama kwa muda mrefu, ndivyo fusifomu yake ilivyochangamka. Ila amigdala nayo ilipanda! Hiki ni kipande kidogo, umbo kama lozi, kinachotushtua mbele ya hatari au jambo lolote zito.

Mwaka 2017 kundi la Nouchine Hadjikhani lilikwenda mbele zaidi: liliwaelekeza watazamaji wabaki kwenye eneo la macho tu. Kwa wenye usonji, njia ya ndani ya ubongo inayopitisha habari za sura hadi kwenye amigdala iliwaka kupita kiasi, hasa sura ilipoonyesha hofu. Baadhi yao husema kabisa kwamba kutazamana kunawachoma. Kukwepa, basi, ni kupunguza makali.

Hili halielezi usonji wote. Mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, amekuwa akisema tangu 2012 kwamba kutoelewana kuna pande mbili: na sisi wengine hatuwasomi wao vizuri.

Kuhusu ile amri ya "niangalie", Hadjikhani anaonya kuwa kulazimisha kunaweza kumjaza mtu wasiwasi. Anashauri azoeshwe polepole.