Sauti Mbili Katika Santuri Moja

Huku kwetu kando ya Ziwa mtu akitaja "jazi" tunakumbuka bendi za zamani: Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932, Morogoro Jazz, au jirani zetu wa Tabora Jazz. Kumbe bendi hizo zilipiga zaidi rumba. Jazi walichukua jina tu. Jazi yenyewe ni muziki wa Weusi wa Marekani. Leo nawasimulia jinsi ilivyokutana na samba ya Brazili katika sauti za mume na mke.

Samba nayo si mgeni sana kwetu. Iliota kwa watu waliopelekwa utumwani Brazili, wengi wao kutoka Angola na Kongo, wenye lugha za jamii moja na Kisukuma chetu. Huko utumwa ulikomeshwa mwaka 1888 tu. Samba ni ngoma ya vishindo, matari na umati wa watu barabarani siku chache kabla ya Kwaresima. Bwana João Gilberto, mzaliwa wa Juazeiro katika jimbo la Bahia, alivitia vishindo hivyo vyote ndani ya gitaa moja. Kidole gumba kilishika mwendo wa ngoma kubwa, vidole vingine vikadonoa kama kigoma kidogo, naye akaimba chinichini, karibu na kunong'ona. Mtindo huo ukaitwa bossa nova.

Mwezi wa Machi 1963 alikuwa New York akitengeneza santuri pamoja na Mmarekani Stan Getz, mpiga saksafoni wa jazi. Kwenye piano alikuwapo Bwana Antônio Carlos Jobim, mtunzi wa nyimbo nyingi za santuri hiyo. Bibi Astrud, mkewe João, hakuwa mwimbaji wa kazi. Lakini alijua Kiingereza, na maneno ya Kiingereza yalitakiwa. Basi katika wimbo wa msichana wa Ipanema mume alianza kwa Kireno, mke akapokea kwa Kiingereza, kisha saksafoni ikaingia taratibu kama mtu wa tatu katika mazungumzo.

Mimi chuoni nilifundishwa kwamba mwimbaji hufungua kinywa na kujaza kifua. Nilipomsikia Bibi Astrud mara ya kwanza nilidhani anaumwa. Hapambi sauti wala haivuti; anasema wimbo kama anayezungumza na jirani. Ilinibidi nisikilize mara nne ndipo nikaelewa kwamba angepaza sauti kidogo tu, gitaa la mumewe lisingesikika.

Wimbo huo ulikuwa na dakika tano na zaidi. Mwaka 1964 wenye biashara walitaka santuri ndogo ya kupigwa redioni, isiyofika dakika tatu. Wakakata. Walichokata ni sauti ya mume! Dunia nzima ikamjua Bibi Astrud akiimba peke yake, na mwaka 1965 wimbo ukapata tuzo kubwa ya Grammy. Hata hivyo husimuliwa kwamba kwa kazi ile yeye alilipwa dola 120 tu. Ndoa yao nayo ilivunjika miaka hiyohiyo. Bwana João alifariki mwaka 2019, Bibi Astrud mwaka 2023.

Juzi baada ya mazoezi ya kwaya niliwasikilizisha mume na mke wa hapa Usagara, waimbaji wetu, ile fupi kwa simu yangu. Mama akasema, "Katibu, huyu dada anamjibu nani?" Nikawawekea ile ndefu. Kisha nikaweka wimbo mwingine wa santuri hiyohiyo, "Corcovado", jina la mlima wa Rio de Janeiro wenye sanamu kubwa ya Kristo Mkombozi iliyokamilika mwaka 1931. Humo mke anaanza, mume anafuata. Yule mzee hakusema neno. Alikuwa akipiga meza ya ofisi kwa kidole gumba.