Kweli au si kweli: Biblia, kitanzi na jaji asiye na hiari

Kwa mtu wa Kagerankanda, wilayani Kasulu, swali la kumnyonga muuaji lina majibu matatu, na yote yako karibu. Ng'ambo ya mpaka, Burundi ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2009. Huku kwetu Tanzania sheria ipo, ila kitanzi hakijatumika tangu 1994. Na katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya hiyohiyo ya Kasulu, wanaishi Wakongo ambao serikali ya nchi yao iliondoa Machi 2024 zuio la kutekeleza hukumu za kifo lililokuwa limedumu zaidi ya miaka 20. Watu wa pande hizo tatu wana madhehebu yaleyale na wanasoma Biblia ileile. Ibada ikiisha, maneno yanayosemwa nje ya kanisa na kwenye kijiwe cha bodaboda ni haya, nami nimeyapima moja moja.

"Biblia imeamuru muuaji auawe, mjadala umekwisha."

Nusu kweli. Mwanzo 9 inasema damu ya mwanadamu hulipwa kwa damu, na Kutoka 21 inataja kifo kwa anayeua kwa kukusudia. Ila sura hiyohiyo ya Kutoka inampa kifo mtoto anayemlaani baba au mama yake, na mbele kidogo kitabu hichohicho kinampa kifo anayefanya kazi siku ya Sabato. Wasabato wa Heri wanaishika Sabato kweli kweli, lakini hakuna aliyewahi kuwasikia wakidai mwenye kulima Jumamosi apelekwe kwa mnyongaji. Kila mtu anachagua, ila si kila mtu anakiri kwamba anachagua. Isitoshe, muuaji wa kwanza katika Biblia, Kaini, hakuuawa. Aliwekewa alama ili asiuawe.

Lakini kuna jambo zito kuliko hayo ambalo wapenzi wa kitanzi huliruka. Hesabu 35 inakataza mtu kuuawa kwa ushahidi wa mtu mmoja. Sheria yetu ya Ushahidi haidai idadi yoyote ya mashahidi: mmoja akiaminika, anatosha. Hata asipokuwapo aliyeona kwa macho, ushahidi wa mazingira ukishikana vizuri unatosha. Mahakama ya Rufani yenyewe, tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, imekuwa ikiwaonya majaji juu ya shahidi anayedai kumtambua mtu katika mazingira magumu. Ilikuwa usiku? Mwanga ulitoka wapi, kibatari au mbalamwezi? Alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani? Aliyeishi Kasulu na Kibondo enzi za ujambazi wa barabarani, mabasi yakisindikizwa na askari wenye bunduki, anajua mtu aliyelazwa kifudifudi gizani anaona nini. Kwa kipimo hicho Musa alikuwa mkali kuliko Bunge letu. Anayetaka Agano la Kale litumike kama lilivyo, alitumie pia pale linapombana mwendesha mashitaka.

"Amri imekataza kuua, kwa hiyo serikali haiwezi kunyonga."

Si kweli kwamba amri peke yake inatosha. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo kwa kawaida husemea mauaji ya uovu, na torati iliyotoa amri hiyo ndiyo iliyoweka adhabu ya kifo sura moja baadaye. Mwenye kupinga kitanzi ana hoja bora kuliko hii. (Hata namba yake hatukubaliani. Mkatoliki wa Kabanga huiita amri ya tano, Mwanglikana wa Kasulu mjini huiita ya sita.)

"Kanisa Katoliki limepinga adhabu ya kifo siku zote."

Si kweli kabisa, na Wakatoliki wenyewe wanapaswa kulisema hili bila haya. Mwaka 1210 Papa Innocent III aliwadai Wavaldo waliotaka kurudi kundini wakiri kwamba mtawala anaweza kutoa hukumu ya kifo bila kutenda dhambi ya mauti. Thomas Aquinas alimfananisha mhalifu wa hatari na kiungo kilichooza, kinachokatwa ili mwili upone. Vatican yenyewe ilikuwa na adhabu hiyo katika sheria zake hadi 1969. Katekisimu ya mwaka 1992 iliiachia nafasi. Papa Yohane Paulo II akaibana sana katika waraka wake wa 1995, na Agosti 2018 Papa Fransisko akabadilisha aya ya 2267 ili isomeke kwamba adhabu hiyo haikubaliki. Padri anayefundisha hivyo leo anafundisha sawa. Akisema ndivyo ilivyokuwa tangu mitume, anakosea.

Hata hivyo mashaka ni ya zamani, na sauti mojawapo ya kwanza ilitoka Afrika. Mnamo mwaka 412 Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimwandikia Marcellinus, ofisa wa Dola ya Roma, kuhusu watu waliokiri kumuua padri mmoja na kumjeruhi vibaya mwingine. Padri huyo alikuwa mtu wake, lakini Augustino aliomba wauaji wasiuawe. Mtu huyohuyo, katika kitabu chake kikubwa, aliandika kwamba dola inayoua kwa sheria haivunji amri. Mawazo hayo mawili yalikaa katika kichwa kimoja, basi tusishangae yakigawa jumuiya ndogondogo ya watu kumi na watano.

Hapa nyumbani, Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, na bado watu walinyongwa katika utawala wake. Saidi Mwamwindi, mkulima wa Isimani, alinyongwa kwa kumpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, siku ya Krismasi ya 1971.

"Waprotestanti wote wanakubali, kwa sababu ya Warumi 13, inayompa mtawala upanga."

Si kweli. Ibara ya 37 kati ya zile 39 za Kianglikana inaruhusu dola kuwaua wahalifu wakubwa, lakini maaskofu wa Kianglikana duniani, walipokutana Lambeth mwaka 1988, walilitaka Kanisa lipaze sauti dhidi ya serikali zinazonyonga. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani walipitisha azimio la kuiunga mkono mwaka 2000. Wamennoni na Wakweka wanaikataa. Wapentekoste hawana kikao kimoja kinachowasemea wote, kwa hiyo utakalosikia ni la mchungaji uliyekutana naye.

"Anayepinga kitanzi hajaona uchungu."

Hili halinipi raha kulijibu, kwa sababu Kabanga iko palepale Kasulu. Kuanzia 2008 kituo chake kilipokea watoto na watu wazima wenye ualbino waliokimbia kukatwa viungo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka kwamba wauaji hao nao wauawe, na siku chache baadaye alibubujikwa machozi bungeni akijieleza. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Mashambulizi hayakukoma. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wasio na kibali, na mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili aliuawa kule Muleba.

Kuna atakayenijibu: hayakukoma kwa sababu hakuna aliyenyongwa. Jibu hilo lina uzito, wala sitalipuuza. Ila nionavyo mimi, anayekwenda kukata mkono wa mtoto usiku ameshajiaminisha kwamba hatakamatwa, na anayemlipa anajua jina lake halitafika kituoni. Mtu wa namna hiyo, umbali wa polisi unampa matumaini kuliko kitanzi kinavyomtisha. Uchungu wa mama wa Kabanga ni wa kweli, na haumlazimishi kuamini kitu kimoja. Wapo waumini waliofiwa wanaodai damu, na wapo wanaosema kifo kimoja nyumbani kinatosha.

"Jaji ndiye anayeamua mtu afe."

Si kweli. Hapa ndipo ningependa Wakristo wapeleke nusu ya muda wanaoutumia kwa Warumi 13. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji hiari yoyote. Kosa la kuua kwa kukusudia likithibitika, hukumu ni moja tu, isipokuwa kwa aliyekuwa hajafikisha miaka 18 au mwanamke mjamzito. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, akiwa Dodoma, alisema adhabu ya kifo inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikasema Katiba inairuhusu kwa masilahi ya umma. Uganda iliondoa ulazima huo mwaka 2009, Kenya mwaka 2017. Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliiambia Tanzania iuondoe tarehe 28 Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo serikali ilikuwa imetoa taarifa ya kuzuia raia na asasi kupeleka kesi mpya mahakamani hapo moja kwa moja.

Marais nao wamekuwa wakiyaacha mafaili mezani, wawe Waislamu au Wakristo. Kikwete alibadilisha hukumu za watu wapatao 400 mwaka 2006 kuwa kifungo cha maisha. Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba hatasaini.

Kwa hiyo chukua watu wawili kutoka milima hii hadi Mahakama Kuu, Kigoma. Mmoja alilipwa kuua. Mwingine alimpiga ndugu yake jembe wakigombania mpaka wa shamba la maharage, na utetezi wake kwamba alichokozwa haukukubaliwa. Jaji anaweza kuuona utofauti wao wazi kabisa, na pengine Jumapili alihubiriwa juu ya huruma. Akishawatia hatiani, anawasomea sentensi ileile.