Kijiji si boksi la kiberiti: makazi katika michezo ya vita ya mezani

Ipo michezo ya mezani inayoiga vita vya kale, enzi za kina Hannibal na Kaisari. Wachezaji wanapanga askari wadogo wa plastiki au bati, wanapima mwendo kwa rula, na dadu inaamua nani kamshinda nani. De Bellis Antiquitatis, iliyotoka mwaka 1990, ni mmojawapo. Pamoja na vilima, misitu na mito, mezani huweza kuwekwa pia makazi. Kama hamna sheria za makazi mlizokubaliana, kijiji kinabaki pambo tu.

Sasa, sheria hizo zinabadilisha nini? Tuangalie tukio la huku kwetu.

Agosti 1871, Waarabu wa Tabora walikuwa vitani na Mirambo, mtemi wa Unyamwezi. Mwandishi Henry Morton Stanley alikuwa upande wao, na alisimulia kilichotokea. Kikosi cha watu wapatao 500 kilishambulia kijiji alichokiandika Wilyankuru. Wakakiteka. Mirambo alishatoka na watu wake, akajificha kwenye nyasi ndefu kandokando ya njia. Washambuliaji waliporudi wamebeba pembe za ndovu, nguo na mateka, aliwavamia. Wengi waliuawa.

Ukiucheza mchezo huu bila sheria za makazi, Mirambo anashindwa: kapoteza kijiji. Kwa hiyo tunahitaji angalau sheria tatu.

Ya kwanza ni ua. Ukiwa Bariadi unayajua minyaa yanayozungushiwa miji ya Wasukuma. Utomvu wake ukiingia machoni ni balaa. Ua wa namna hiyo hausimamishi risasi, lakini unaficha aliye ndani na kumlazimisha adui apite mlangoni. Basi kikosi kinachovuka ua kipunguziwe nusu ya mwendo.

Ya pili ni mpangilio. Kati ya nyumba na mazizi huwezi kusimama mstari mmoja. Kikosi kinachotegemea safu kipoteze nguvu kikiwa ndani.

Ya tatu ni kupora. Kikosi kikiteka kijiji, kirushe dadu kila zamu. Kinatoka kikipata 5 au 6 tu. Uwezekano wa kutoka ni 1/3, wa kubaki ni 2/3. Baada ya zamu 3, uwezekano wa kuwa bado mle ndani ni 2/3 × 2/3 × 2/3, yaani 8/27, karibu asilimia 30. Muda huo unamtosha kabisa mpinzani kupanga mtego.

Kuna jambo moja dadu hailionyeshi. Kwa Stanley mateka wanatajwa pamoja na pembe na nguo, kama mzigo. Walikuwa watu wa kijiji kile. Mimi ningeongeza sheria ya nne: wakazi wawekwe mezani, hata kwa punje za maharage, na anayewafikisha salama ahesabiwe pointi. Hapo mchezaji atalazimika kuchagua kati ya kulinda ua na kulinda watu.

Jaribuni wenyewe kwa maboksi ya viberiti na vizibo vya soda. Chezeni vita hivyohivyo mara mbili, bila sheria hizi na kwa sheria hizi, halafu mlinganishe nani kashinda.