Dawa ya Saratani Inayoganda Palipo na Uvimbe

Dawa ya saratani inayotiwa kwenye mshipa husambaa mwili mzima, na sehemu ndogo tu ndiyo huufikia uvimbe. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika na kupungukiwa na damu, kwa kuwa sumu iliyokusudiwa kuua seli zinazogawanyika upesi huziua pia seli za uboho na za mizizi ya nywele. Ili kupunguza mateso hayo, wataalamu huichanganya dawa na polima, yaani kemikali ya molekuli ndefu zilizoungana kama mnyororo, ambayo hudungwa ikiwa majimaji, ikaganda mwilini na kuiachilia dawa kidogo kidogo papo hapo penye uvimbe.

Polima inayotumika sana hutokana na asidi ya laktiki, ambayo misuli yenyewe huitengeneza, na asidi ya glikoliki; nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini zimetengenezwa kwa asidi hizo tangu miaka ya 1970. Maji ya mwilini huikata polima hiyo taratibu hadi ikaisha, wala hauhitajiki upasuaji wa kuitoa.

Jeli yenye dawa ya saratani iitwayo mitomisini, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2020 kwa saratani ya daraja la chini ndani ya figo na mrija unaoteremsha mkojo kwenye kibofu, si ya asidi hizo, bali huyeyuka na kutoka pamoja na mkojo. Mahali hapo dawa ya majimaji husukumwa nje upesi mno. Jeli hii hupozwa iwe majimaji, hupitishwa kwa mpira mwembamba, kisha joto la mwili huigandisha, nayo hukaa saa kadhaa ikigusana na uvimbe. Katika jaribio la wagonjwa 71 waliotibiwa mara moja kwa wiki kwa wiki 6, uvimbe ulitoweka kwa 42, ingawa wengi walipata tatizo la mrija huo kusinyaa, nalo si dogo, hata kwa mtu ambaye vinginevyo angeondolewa figo.

Jeli nyingine, yenye dawa iitwayo paklitakseli, ilidungwa kwenye uvimbe wa umio pamoja na tibakemia na mionzi, lakini haikuongeza manufaa. Matokeo hayo yanaihusu sana Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio ni ya kawaida na wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hata uji unapita kwa shida, saratani ikiwa mara nyingi imekwisha kuingia kwenye tezi za limfu, ambako dawa iliyoganda mahali pamoja haifiki.